Aliyekuwa na mbio kuliko sote hakufika Garissa

Wakuu, assalamu aleikum. Tulitoka wanne kwa baiskeli, na aliyepotea ndiye aliyekuwa na miguu mizuri kuliko sote. Kwa umri wangu huu sina faida ya kumdanganya mtu.

Nimesoma mnavyobishana humu kama mwendeshaji mwepesi amngoje mzito. Nami nieleze yangu.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali wa miaka ya sitini. Garissa ilikuwa na kafyu, na kizuizi cha barabarani kilifungwa jua likizama. Ukikutwa nje baada ya hapo, wewe ni shifta, hata kama umebeba mahindi.

Na sisi tulibeba mahindi. Tulikuwa tumeyanunua kwa wakulima wa mto Tana, kusini mwa mji, maana malori yalikuwa yameacha kuja.

Nilikuwa mimi, kaka yangu Dahir, Kassim aliyekuwa ametoka kuoa, na Maalim wa chuo cha Kurani, mtu mnene mwenye pumu.

Utaratibu tuliutoa kwa ngamia. Wazee wakihama, ngamia dhaifu hutangulia na wengine hufuata mwendo wake. Basi Maalim akawekwa mbele, na hakuna kumpita.

Ninyi wa lami hamuujui mchanga. Unakanyaga pedali, gurudumu linazama, unashuka, unasukuma, unapanda tena. Siku nzima.

Alasiri Kassim akachoshwa na kuchoka kwetu.

"Adeer Maalim, ami yangu, unaendesha baiskeli au unaisindikiza?"

"Mimi nina mwili wa heshima," Maalim akajibu akihema. "Wewe una miguu tu."

Tukacheka. Kisha tukatazama jua, na kicheko kikaisha.

Kassim akasema atatangulia awaombe askari watungoje. Dahir akakataa.

"Walaal, ndugu yangu, askari akiona Msomali mmoja anakuja mbio, hatauliza kitu."

"Na akituona wanne gizani, ndiyo atauliza?"

Kassim akashusha gunia lake, tukagawana mahindi, akaondoka. Tuliona vumbi lake, halafu hata vumbi hatukuliona.

Tulifika jua likiwa ukingoni, askari akiburuta gogo la kizuizi. Tukamuuliza kijana wetu amepita saa ngapi. Akasema tangu alasiri hajapita mtu.

Barabara ni hiyo moja. Risasi hatukusikia. Baiskeli haikuonekana. Kuna waliosema kachukuliwa na shifta, wengine wakasema askari, wengine kwamba alivuka mpaka kwenda Kismayu kwa hiari yake.

Nilichojifunza ni kidogo: mwendo wa kundi ni wa yule aliye dhaifu, na mwendo huo usipowahi jua, laleni porini wote. Hata hilo sina hakika nalo. Nanyi semeni, mngefanyaje?

Na wa Bura au Kismayu, kama kuna mzee wenu aliyewahi kumtaja kijana wa baiskeli, andikeni hapa chini.

Binti wa Kassim alizaliwa baada ya safari ile, sasa ana wajukuu. Juzi ameniuliza tena: akimwombea baba yake dua, amwombee kama aliye hai au kama marehemu?