Mume wangu ndiye aliyeangusha ndege, mama mkwe ananichukia mimi

Admin, nifichie jina. Najua Same ni mji mdogo na klabu yetu ya kurusha ndege za rimoti ni moja tu, kwa hiyo wenye kujua watajua. Na wajue. Mimi ni mama wa miaka 37, fundi cherehani, nina mume na watoto wawili, na nina hasira.

Mume wangu ni mwalimu, na ndiye mwenyekiti wa klabu. Ndege zetu hazina injini. Tunazitengeneza wenyewe kwa foamu na fito za mianzi, tunapanda nazo mlimani, na ule upepo wa mchana unaopanda kutoka tambarare ndio unaozibeba. Unairusha kwa mkono, halafu unaiongoza kwa rimoti. Mwanzoni nilikuwa nawacheka, watu wazima na ndevu zao wanacheza na ndege. Baadaye nikaingia na mimi, na sijisifu, nikawapita. Wenzangu wanatua, wanakula, wanamaliza kula, yangu bado iko juu. Mume wangu akawa anawaambia watu eti nina bahati ya upepo. Upepo huo huo tunautumia wote, lakini haya.

Sasa niwaeleze sheria moja. Rimoti zetu ni za zamani, na mbili zenye namba ile ile ya mawimbi zikiwashwa kwa pamoja, ndege iliyo angani haisikii tena, inaanguka. Ndiyo maana tuna ubao wenye vibanio vya nguo, kila namba na kibanio chake. Huna kibanio, huwashi. Rimoti yangu na ya mume wangu zina namba ile ile, tulizinunua pamoja kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama Moshi. Kwa hiyo tunapokezana, mmoja akirusha mwingine anasubiri.

Siku hiyo nilimleta mama mkwe. Alikuwa amesema mwanamke aliyeolewa kushinda mlimani na ndege ni aibu kwa ukoo, nikaona bora aje ajionee mwenyewe. Nikachukua kibanio, nikakibana kwenye blauzi, nikarusha. Jamani, ilipanda. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, chini kidogo ya pale tulipokuwa, akapiga vigelegele, akasema wote wakisikia, "Kumbe nina mkwe wa namna hii!" Tangu niolewe sijawahi kusifiwa na yule mama. Nilitaka kulia.

Mara ndege ikaanza kuyumba. Naivuta kushoto, haisikii, kulia, haisikii. Nikapaza sauti, nani kawasha? Ikashuka moja kwa moja kuelekea kwa mama, akarudi nyuma kuikwepa, akaanguka kutoka kwenye jiwe, mkono ukavunjika. Nilipogeuka kuita msaada nikamwona mume wangu pembeni ya pikapu iliyotuleta, rimoti yake mkononi, anarudisha antena ndani. Macho yetu yakakutana.

Nilijua atasema. Hospitalini nikangoja aseme, hakusema. Mama amefungwa POP mkononi, analalamika kwamba nilimlenga, mume wangu kasimama pale anampepea. Tuliporudi akawaita wanaklabu, na kwa cheo chake cha uenyekiti akatangaza kwamba nimesimamishwa kurusha kwa kukosa umakini. Yeye huyo huyo! Watu wakanipa pole huku wakinitazama vibaya.

Chumbani nikambana. Akakiri kwamba aliwasha rimoti bila kibanio. Alisema alikuwa anaharakisha kuandaa ndege yake ili mama amwone na yeye, maana alikuwa anashangiliwa mke peke yake. Wivu, jamani, mtu mzima, kwa vigelegele vya mama yake. Nikamwambia nenda kamweleze sasa hivi. Akanijibu hivi, na maneno haya sitayasahau: "Wewe si damu yake, hasira yake kwako itapita. Mimi nitamuua kwa uchungu."

Tangu hapo mama anaishi kwetu. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha, ninayemvalisha. Kila asubuhi nampa shikamoo, anatazama ukutani, marahaba sijaisikia. Akina mama wa kanisani wakija kumjulia hali anawaambia nilitaka kumuua, nami niko jikoni nawachemshia chai. Mume wangu akirudi anauliza, mama umekula? Anajibiwa, ndiyo baba. Chakula nimepika mimi!

Juzi nilikuwa namlisha makande, na mume wangu yuko hapo hapo mezani. Mama akanisemesha kwa mara ya kwanza. Akasema, "Ingekuwa mwanangu ndiye kaniumiza, angeniomba msamaha siku ile ile. Sikumlea kuficha." Nikamtazama mume wangu. Akaendelea kutafuna.

Sasa Jumapili baada ya ibada ndugu wote wanakuja. Wamekubaliana nipige magoti mbele yao nimwombe mama msamaha, na mume wangu amekubali kwa niaba yangu bila kuniuliza. Ameshanunua hadi kitenge nitakachomkabidhi mama, akanionyesha akaniuliza kama rangi ni nzuri. Nikikataa wataniita mwenye kiburi. Nikisema ukweli, mama ana presha, na mume wangu ameapa kwamba siku hiyo hiyo ndoa imekwisha. Nikinyamaza, wanangu watakua wakisikia kwamba mama yao ndiye aliyemvunja bibi yao mkono, na baba yao atakuwa anawatazama tu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinipe pole, pole nimezichoka, nipeni ushauri. Jumapili nikishapiga magoti mbele ya yule mama, nimwambie nisamehe, au nimwambie mwanawe aje apige magoti pembeni yangu?