Samaki wa Dada

Leo asubuhi nimempelekea baba uji hospitali ya Mulago, nikakuta wodi imepigwa deki kwa jiki, ile dawa kali ya kung'arishia nguo. Harufu ile ilinirudisha kwenye chumba chetu cha kambi ya polisi, kwenye beseni la bluu nyuma ya mlango.

Humo dada yangu, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Kyambogo, alifuga samaki wadogo kuliko kidole, wenye mikia ya rangi ya chai. Mwalimu wake aliwatoa kwenye chemchemi moja ya Karamoja iliyokuwa inakauka. Alimwambia hawapo mahali pengine popote duniani, awatunze mpaka tangi la kioo lipatikane.

Wiki hiyo mabomba yalikauka. Baba alirudi kutoka zamu, akakosa maji ya kuoga, akalitazama beseni.

"Mama yenu anabeba maji kwa kichwa, wewe unapea samaki?"

"Baba, ni hawa tu wamebaki."

Hakupandisha sauti. Alichukua chupa ya jiki dirishani, akamimina taratibu, huku amemshika dada shingoni ili atazame. Samaki walirukaruka, wakajigonga ukingoni, kisha wakageuka matumbo juu. Mimi nilitazama bila kushikwa.

Jumatatu mwalimu alikuja amelipakata tangi. Dada alimwandalia chai, akasema samaki wamekufa kwa baridi. Mwalimu alivua miwani, akaliweka tangi sakafuni.

Baba ndiye aliyempa pole.

"Pole sana, mwalimu. Huyu msichana hajui kuchunga kitu."

"Ndiyo, baba," dada aliitikia, akamwongezea mwalimu chai.