Skonzi za Lazarus Kituyi

Mwaka wa 1968, mashamba ya wazungu yalipokuwa yanakatwa vipande na kununuliwa, ukipita Kiplombe ungemjua Lazarus Kituyi kwa pua kabla ya kumjua kwa macho. Kila Jumamosi jioni boma lake lilinukia skonzi, vile vimkate vya ngano vya kuumuka.

Miaka kumi na tisa alikuwa mpishi wa mzungu mmoja upande wa Soy. Kila jioni alioka skonzi za chajio, akazipeleka mezani zikiwa moto chini ya kitambaa cheupe, kisha akasimama kando ya ukuta, mikono nyuma, mpaka wamalize. Zilizobaki zimepoa ndizo zilikuwa zake. Mzungu alipouza akaenda zake, Lazarus alijiunga na wenzake wakanunua shamba, akapata ekari tano. Akajenga nyumba, akatafuta meza. Halafu akalaza debe tupu la mafuta ya taa kando ya mafiga ya mkewe, akalikandika udongo. Hiyo ndiyo ilikuwa oveni.

"Boi wa jikoni!" majirani walimcheka. "Uhuru umekuja, jikoni imekataa kumwacha!"

Hayo aliyazoea. Sasa sikieni siku yenyewe. Watu wa Soy walituma neno kwamba wanakuja jioni, kuzungumza habari ya binti yake Nanzala na kijana wao. Murunga, ndugu mkubwa wa Lazarus, akafika mapema, akamkuta unga umemfika viwikoni.

"Lazaro! Wakwe wako njiani na wewe unakanda?"

"Unga haungojei wakwe. Ukiumuka umeumuka."

"Mzee Jeconia akijua mwanamume wa hapa ndiye anapika, atarudia mlangoni. Atasema binti ametoka boma lisilo na mwanamume!"

Selpha, mke wa Lazarus, alikuwa papo hapo akichemsha kuku. "Baba Nanzala," akasema polepole, "wewe oka tu. Wakiuliza, nitasema ni mimi."

"Hapana, Mama Nanzala. Kuku ni wako, ugali ni wako. Hizi ni zangu."

Nanzala alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. "Baba," akasema, "mimi nampenda yule kijana."

Lazarus alimtazama, kisha akautazama unga. Akaendelea kuukata.

Jioni wageni wakaketi: Mzee Jeconia, baba wa kijana, na mkewe, Mama Benta. Wakala ugali na kuku. Ndipo Lazarus akaleta sinia mwenyewe, kitambaa cheupe juu, akaiweka mbele ya Murunga, akakaa. Jeconia akapasua skonzi moja, mvuke ukamgonga usoni. Akala, akachukua ya pili.

"Mama Nanzala, mikono yako imebarikiwa! Nani alikufundisha?"

Selpha akamtazama mumewe. Murunga akakohoa kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

"Mimi ndiye nimeoka," Lazarus akasema.

Skonzi ya Jeconia ikasimama njiani kwenda mdomoni. "Wewe? Mwenye boma?"

"Mimi. Nilipooka kwa mzungu, Mzee, mlisema Lazarus ana kazi nzuri. Mlikuja mlango wa nyuma niwatafutie kibarua. Leo naoka unga wangu, kwa moto wangu, kwa shamba langu, ndiyo nimegeuka mwanamke?"

Jeconia akaiweka skonzi chini. "Kwetu, jambo kama hili huvunja mazungumzo."

"Basi livunje. Lakini kwa meza yangu sitasema uongo."

Kule jikoni sufuria ilianguka. Hakuna aliyeuliza ni nani ameiangusha.

"Mzee," Mama Benta akasema, "mwaka jana nilipougua, ulitafuna mahindi mabichi siku tatu, na unga uko ndani ya nyumba. Mimi nataka kijana wetu aoe hapa hapa, labda atajifunza hata kuchemsha chai. Nipeni hiyo sinia."

Lazarus akainuka nusu. Miaka kumi na tisa ilimvuta kwa mabega. Kisha akakaa tena.

"Iko karibu na Murunga," akasema.

Murunga akatazama huku na huku, akaishika sinia kwa mikono miwili, akampitishia mama.

Jeconia aliitazama skonzi yake kitambo. Akaichukua. "Mwiteni huyo binti tumsalimie," akasema, mdomo umejaa.

Lazarus akajichagulia moja kutoka katikati ya sinia, ambako joto hukaa, akaipasua.