Plaizi Shingoni mwa Mdogo Wangu

Nikimwona mgonjwa aliyefungwa taya, hata kama hatujuani, namfuata. Namwambia maumivu yataisha kabla mfupa haujaunga, asijidanganye. Wengi hunishangaa, mwanamke mzima asiye nesi akitoa mawaidha kwenye benchi la hospitali. Waache washangae. Maneno hayo nilipaswa kuyasema mara moja tu, miaka ya sabini, na sikuyasema.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Ngokolo, mjini Shinyanga. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na Kiswahili changu kilinitia majivuno kuliko hata mume wangu. Nyumbani kwetu, upande wa Ushirombo, tuliongea Kisukuma tu. Mdogo wangu wa kiume, aliyenifuata ziwa, hakuwahi kukaa darasani. Alikaa na ng'ombe. Na ng'ombe ndiye aliyemvunja. Alikuwa ameinama kufunga mnyororo wa plau, dume likarusha teke, taya ikavunjika sehemu mbili.

Mama alimleta mjini, nikawapeleka hospitali. Daktari aliyafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, yakabana kabisa. Wiki sita, akasema. Uji mwembamba, maziwa na mchuzi, vyote kwa mrija, kupitia pengo la jino lililong'oka. Asukutue kwa maji ya chumvi kila akishakunywa. Halafu akatoa plaizi ndogo, akaitia kamba, akamvika mdogo wangu shingoni. Akitapika, alituambia, tukate waya haraka, matapishi yasije yakamkaba. Kwa sababu hiyo tu, si nyingine.

Yote hayo nilimfasiria mama polepole, nikijisikia mtu mkubwa. Kisha daktari akaongeza kwamba kwenye wiki ya tatu uvimbe utapungua na maumivu yataisha, lakini mfupa utakuwa bado mbichi. Tusije tukadhani amepona. Mfupa ukihama hapo uso utapinda, na kuunyoosha ni kuvunja upya. Mama akaniuliza daktari anasemaje. Nilikuwa nimechoka, na basi lao lilikuwa karibu kuondoka.

"Anasema awe mwangalifu," nikamjibu.

Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye Kisukuma hakukijua.

Wiki ya tatu nilikwenda nyumbani kusaidia kupika. Mdogo wangu alikuwa ameposa, na wazee wa upande wa binti walikuwa wanakuja kuona ng'ombe wa mahari. Sasa, salamu zetu Wasukuma si za kupita mbio. Mzee anakuuliza, unajibu, anauliza tena, unataja ukoo wa baba na ukoo wa mama, mpaka aridhike umetoka wapi. Kijana anayeposa hujibu mwenyewe, hakuna wa kumjibia. Akijibu kwa kuguna, wazee wataondoka wakisema ana dharau, au ana ugonjwa unaofichwa.

Mama akamwuliza kama bado anaumwa. Akatikisa kichwa kukataa. Uvimbe ulikuwa umeisha, uso umerudi kuwa wake, mzuri. Mama akasema basi amepona, wiki sita ni za wale wanaoumwa. Akanitazama mimi, msomi wa nyumba.

Nilijua. Sentensi yote ya daktari ilikuwa kichwani mwangu, neno kwa neno. Lakini ningeitoa pale, mama angeniuliza kwa nini sikuitoa mjini, tena mbele ya wake za kaka zangu waliokuwa wakinisifu tangu asubuhi. Nikaona aibu. Aibu tu, hakuna jina zuri zaidi la kuipa.

Mdogo wangu akavua kamba, akaniwekea plaizi mkononi. Nikakata.

Alisalimia vizuri sana siku ile. Alisema mwangaluka, akapiga magoti, akataja koo zote mbili bila kukwama, na wazee wakacheka kwa furaha. Akala na ugali pamoja nao. Siku chache baadaye kidevu kilianza kuelekea kushoto. Tulipomfikisha kwa daktari, mfupa ulikuwa umeanza kuungana ukiwa umepinda. Daktari aliuliza nani alikata waya. Nikasema ni mimi. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Akaeleza kwamba anaweza kuuvunja aupange upya. Nilimfasiria mdogo wangu kila neno, safari hiyo bila kuacha hata moja. Akakataa, alikuwa ameumia vya kutosha.

Binti aliolewa naye hivyo hivyo, na wakazaa. Lakini mpaka leo mdogo wangu anatafunia upande mmoja, nyama anakatiwa vipande vidogo, na akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Wajukuu wakiuliza, huwaambia ng'ombe alimpinda. Si kweli. Ng'ombe alivunja tu, aliyepinda ni mimi.

Juzi alinikuta nalia jikoni nikimkatia nyama. Akaniambia, "Dada, acha kujitesa. Plaizi nilikupa mwenyewe."

Amenisamehe kile anachokijua. Anaamini daktari alisema awe mwangalifu, na kwamba hatukuwa waangalifu, basi. Nilifungua mdomo nimwambie yaliyobaki. Nikamsogezea sahani.