Siku Akina Mama Walipoombea Kisima cha Mafuta

Ni mimi niliyewaita akina mama wa kanisa. Miaka hii yote nimekana, nikidai walisikia habari wenyewe sokoni. Ukweli ni kwamba nilisimama ibadani hapa Tawa, mimi mwenye shahada mbili na makala kadhaa za kuwakejeli wanaosali badala ya kujiandaa, nikaomba binti yangu akumbukwe kwa maombi: Jumanne angehojiwa kwa kazi ya uhandisi kwenye visima vya mafuta.

Kwetu, ukiomba kukumbukwa, unakumbukwa nyumbani kwako.

Tangu ahitimu, binti alikuwa akifundisha hesabu kwa kibarua katika sekondari ya jirani, huku akituma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Kampuni hii ya mafuta ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumwita, tena kwa video. Alikaa chumbani mbele ya kompyuta, juu blauzi ya Jumapili, chini leso ya kujifunga kiunoni. Nikajibanza koridoni, nikijifanya nafagia.

Akina mama walifika mahojiano yameshaanza. Sikuwa na ujasiri wa kuwarudisha. Wakaketi sebuleni, wakaanza polepole, kisha, kama ilivyo desturi, kila mmoja akaomba yake kwa wakati mmoja, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

Kutoka chumbani nikasikia mwanamume akiuliza, "Wewe ndiye mdogo kuliko wote kwenye mtambo. Wazee wa kazi wanaendelea kuchimba, nawe umeona dalili kwamba kisima kitalipuka. Utafanya nini?"

"Nitasimamisha kazi."

"Kila mtu husema hivyo. Hao wazee utawaambia nini?"

Nilijua kilichomkwamisha. Tumemlea asimkatize mkubwa, sembuse kumwamuru. Sebuleni maombi yalizidi kupanda. Mara mlango ukafunguka, binti akanipita na leso yake, akasimama mbele ya wageni.

"Mama zangu, simamisheni hapo kwanza. Siwasikii wanaonihoji. Nikimaliza nitawaita muendelee."

Mwenyekiti wao akafumbua jicho moja. "Unamkatiza Mungu, wewe?"

"Ninawakatiza nyinyi, mama. Yeye husikia hata mkinong'ona."

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Wakanyamaza. Nilitamani ukuta unimeze na ufagio wangu.

Binti akarudi kitini. "Samahani. Hao wazee nitawaambia vile tu mlivyosikia."

Wahoji wakaangua kicheko, kisha wakamtupia maswali marefu ya kitaalamu kuhusu shinikizo la kisima na tope la kuchimbia. Shahada zangu mbili hazikuambulia hata swali moja.

Wiki zikapita bila neno. Mwenyekiti naye alikuwa akinipa mkono wa baridi kanisani, nikaamini tumekosa kazi na kanisa pia.

Halafu alasiri moja, tukipepeta mbaazi uani, simu ya binti ikalia. Akasimama, ungo ukiwa umeegemea kiunoni.

"Ndiyo, ni mimi… Ndiyo. Nimeelewa."

Akasikiliza muda mrefu. Sikuthubutu kumtazama usoni.

"Buti za kazini? Navaa nambari tano," akasema. "Lakini nina unyayo mpana."