Upande Ulioungua

Mzee mpiga picha wa ghorofani, hapo mjini Nakuru, huipokea kompyuta kuukuu kama anavyompokea bi harusi. Huikalisha kwenye stuli ileile ya picha za pasipoti, huipangusa uso kwa leso yake mwenyewe, kisha hurudi nyuma hatua tatu, shingo upande, na kusema, "Kidevu juu kidogo." Watu humcheka. Yeye hana habari nao. Ukuta wake umejaa nyuso hizo za kijivu, kila moja na fremu yake. Machi 2008 Mugure, mchapaji wa hapo mjini, alimpelekea ile aliyotumia kuwachapia watu barua kwa miaka kumi na miwili, iliyookolewa duka lake lilipochomwa Januari katika ghasia za baada ya uchaguzi. Shavu moja lilikuwa limeyeyuka. Mugure akaligeuzia ukutani. Mzee akaligeuza tena, likatazama dirisha.

"Si tupige huu upande mzima, mzee?"

"Madam, huyu ametoka motoni akiwa hai. Aone aibu ya nini?"

Akainama nyuma ya kamera. "Kidevu juu," akaiamuru mashine, na Mugure, pale mlangoni, akajikuta ameinua chake.