Mwali Mwenye Kitambulisho cha Kazi

Kwetu Kisarawe, msichana akivunja ungo huwekwa ndani akafundwa na somo yake, kisha siku ya kutolewa hubebwa mabegani kwa ngoma na vigelegele. Asiyetolewa ni mtoto, hata akiota mvi. Mimi nilikuwa mtoto wa aina hiyo. Nina shahada, nina meza yangu ofisini Kibaha, nimepanga chumba mtaa wa Sofu, lakini kila binamu yangu alipoanza kufundwa, bibi yangu mzaa baba alipiga makofi: "Watoto wote nje!" Nami nikatoka, nikakaa uani na watoto wa chekechea tukimenya vitunguu saumu. Nilivichukia vile vitunguu.

Hedhi haikuja, matiti hayakuota. Mama alinichemshia mizizi ya kila namna, michungu ajabu, na majirani wakatafuta jini wa kumsingizia.

Kumbe ni presha iliyonifikisha kwenye jibu. Ofisini walikuja kutupima afya, na muuguzi akarudia kunipima akidhani mashine yake imeharibika. Nikapelekwa kwa daktari bingwa wa homoni, Dar. Aliponisikiliza akauliza, "Wazazi wako ni ndugu?" Ni ndugu kweli, mtu na binamu yake. Akanieleza kwamba mwili hutengeneza homoni kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake cha kuiendesha. Kimoja changu hakifanyi kazi. Baba na mama kila mmoja alibeba kasoro hiyo bila kujua, nami nikarithi pande zote mbili. Kwa hiyo homoni za kike hazitengenezwi, na zile zinazopandisha presha zinazidi.

Nilifurahi mno. Hatimaye nilikuwa na ugonjwa wenye jina, na jini wa watu akaachwa apumzike.

Nikaanza vidonge. Miezi ikapita, mwili ukaanza kubadilika, blauzi zikanibana. Siku moja nikiwa dukani Kwa Mathias nikahisi unyevu. Nilikimbilia chooni, nikarudi nikicheka peke yangu. Mwenye duka akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi, nikitoka kazini, nikaenda kwa bibi. Baada ya shikamoo nikamwambia. Alipiga kigelegele kuku wakatawanyika, akakimbilia sanduku lake kutoa khanga za mwali.

"Bibi, subiri kwanza," nikasema. Nyimbo zetu za kumtoa mwali zimejaa maombi ya kupata watoto, na sikutaka niimbiwe kwa udanganyifu. "Damu hii imeletwa na vidonge. Nikiacha, nayo inaacha. Na daktari hakuniahidi mtoto. Amesema kuzaa kutakuwa kugumu sana. Huenda nisizae."

Bibi akasimama na khanga mkononi. Nikajua sasa atazikunja.

"Mke mwenzangu," akasema, "miaka yote hii ulidhani nangoja kitukuu?"

"Si ndiyo maana ya kunitoa?"

"Vitukuu ninao, wananimalizia sukari. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nililia kwa sauti, mtu mzima na kitambulisho cha kazi shingoni. Bibi hakunibembeleza. Alinifunika khanga kichwani, akatoka mlangoni na kuwaita wanawake wa mtaa mzima waje, mwali wake amefika.